Mbuzi Aliyezaa: Maziwa Hupanda, Kisha Hushuka

Mwanzoni mwa Agosti ya mwaka jana, wakati vilima vya Ngozi, kaskazini mwa Burundi, vilikuwa vimekwisha geuka rangi ya kahawia na vumbi limetanda juu ya migomba iliyo kando ya barabara, jirani yangu mmoja alipiga hodi alfajiri. Hakutaka kuketi. "Mama," akasema, "naomba unitafutie mnunuzi. Mbuzi wangu amekatika maziwa, na shule zinafunguliwa mwezi ujao. Heri nipate fedha yake kuliko kumlisha bure."

Mbuzi huyo namfahamu vizuri. Ni chotara wa mbuzi wa kienyeji na Alpine, rangi yake ya kahawia, na mstari mweusi umempitia mgongoni kutoka shingoni hadi mkiani. Damu ya Alpine ilienea kwetu hasa katika miaka ya 1980, wakati mradi wa mbuzi ulioendeshwa Ngozi kwa ushirikiano na Ujerumani ulipokuwa ukiwapandisha majike wa vilima hivi kwa mabeberu wa kigeni. Jirani yangu hakumnunua mbuzi wake. Alipewa na kikundi cha akina mama kwa utaratibu wa mzunguko: anayepokea jike humlea, na mwana jike wa kwanza humkabidhi mwenzake aliye wa pili katika orodha. Zamu iliyokuwa ikifuata ilikuwa ya mjane mmoja wa kilima cha pili, na mwana wake wa kumkabidhi alikuwa bado ananyonya.

Nilimwuliza maswali mawili tu. Mbuzi alizaa lini? Katikati ya Mei, mapacha, jike na dume. Anakamuliwa kiasi gani? Akanieleza bila kusita, maana ni mwanamke mwangalifu. Tangu wiki ya tatu alikuwa akiwatenga wana usiku, akakamua asubuhi, kisha akawaachia wanyonye mchana kutwa. Asubuhi za mwanzo alipata vikombe 2 vya robo lita. Mwanzoni mwa Julai vilifika 4. Sasa vilikuwa 2 na nusu, na mama mmoja aliyepita na kumsifia mbuzi huyo mwezi Juni alikuwa tayari ameanza kushukiwa jicho baya.

Nilicheka, lakini sikumcheka yeye. Mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, nilimwuza mbuzi katika mwezi wa tatu baada ya kuzaa kwa sababu hiyohiyo. Aliyemnunua alikuwa mzee wa ng'ambo ya mto, akaendelea kumkamua hadi mwaka ukaribie kwisha, na kila nilipokutana naye sokoni alinishukuru kwa adabu iliyonichoma. Sikuwa nimeuza mbuzi mgonjwa. Niliuza mbuzi mzima ambaye maziwa yake yalikuwa yakifuata njia yake ya kawaida, nami sikuijua njia hiyo. Ndiyo maana leo ukurasa huu unaizungumzia.

SIKU ZA MWANZO NI ZA MWANA

Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi. Siku anapozaa, kilichomo kiweleni si maziwa bado, ila ni dang'a: mazito, ya manjano, yenye kunata vidoleni. Nyumba nyingine hukamua dang'a siku hiyohiyo, huitia sufuriani, na mama mwenye nyumba hushangaa kuiona imeganda kama yai. Huganda kwa wingi wa protini zilizomo, na sehemu kubwa ya protini hizo ni kinga za maradhi ambazo mbuzi amemwekea mwanawe. Binadamu humpa mtoto baadhi ya kinga zake angali tumboni. Kwa mbuzi kondo la nyuma halipitishi kinga hizo, hivyo mwana huja duniani mikono mitupu, na lolote atakalopata atalipata kwa kunyonya.

Tena utumbo wa mwana huzipokea kinga hizo kwa muda mfupi. Saa 6 za kwanza ndizo bora, na siku moja ikipita mlango umefungwa. Mwana mwenye uzito wa kilo 2 na nusu yampasa apate kiasi cha robo lita katika saa 24 za mwanzo, kidogo kidogo, akianza mara tu anapoweza kusimama. Asiyeweza kusimama akamuliwe mama yake, na yeye anyweshwe kwa chupa safi. Robo lita hiyo ikiingia jikoni ni kifungua kinywa cha mtu mmoja. Ikimkosa mwana, huenda akaharisha na kufa kabla ya wiki ya pili, na nyumba ikabaki ikimtafuta mchawi.

Siku hizo kiwele kinaweza kuonekana kimejaa hata kinang'aa, lakini ukikamua unapata kidogo. Hasa kwa mtamba azaaye mara ya kwanza, sehemu ya ukubwa huo ni uvimbe wa kuzaa, si maziwa, nao hupungua wenyewe. Lakini kondo la nyuma lisipotoka kwa saa 12, mwite daktari wa mifugo. Lisivutwe kwa mkono, wala lisifungiwe jiwe, kama nilivyopata kuona.

Siku ya 4 au ya 5 maziwa hugeuka meupe, na mlima huanza.

MLIMA

Kutoka hapo maziwa huongezeka wiki baada ya wiki. Mbuzi wengi hufika kileleni kati ya wiki ya 4 na ya 8. Mtamba wa uzazi wa kwanza hupanda mlima mfupi. Wa uzazi wa tatu na wa nne hupanda mrefu zaidi. Aliyebeba mapacha kwa kawaida humshinda aliyebeba mmoja, na sababu yake inapendeza kuijua: kondo la nyuma lenyewe hutoa homoni inayokikuza kiwele wakati wa mimba, na penye wana wawili homoni hiyo ni nyingi zaidi. Hivyo kiwele huandaliwa kwa kadiri ya midomo itakayokuja.

Kimo cha kilele ndicho jambo kubwa kuliko yote, kwa kuwa maziwa ya miezi yote inayofuata hushuka kutoka hapo. Mbuzi aliyefikia lita 2 huanza kushuka kutoka lita 2. Aliyezuiwa njiani, akaishia lita 1, ataanza kushuka kutoka lita 1, na mfugaji akizinduka mwezi wa nne na kumjazia hori majani mabichi, faida atakayoiona ni ndogo. Wakati wake umepita.

Sasa, hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nami naomba nipakalie kidogo. Katika wiki hizo maziwa hupanda upesi kuliko hamu ya chakula. Tumbo la mbuzi aliyetoka kuzaa lilikuwa limebanwa na wana kwa miezi miwili. Halirudii nafasi yake kwa siku moja. Kiwele kinadai leo, tumbo litaweza kulipa baada ya wiki kadhaa. Katikati ya hapo mbuzi hukopa katika mwili wake mwenyewe: mafuta ya mgongoni, nyama ya mapajani. Ndiyo maana mbuzi mwema wa maziwa hukonda anapokuwa kileleni, na mwenye kumtazama huona mifupa ya kiuno imetokeza akadhani ni ugonjwa. Kukonda kiasi ni desturi yake. Lakini mbuzi aliyeingia katika uzazi akiwa tayari mifupa mitupu hana pa kukopa, na mlima wake utakatika mapema.

Basi chakula kizuri cha wiki hizo huanza kabla ya kuzaa. Katika miezi miwili ya mwisho ya mimba, wakati wana wanapokua kwa kasi, mbuzi aongezewe majani bora na pumba kidogo, ili atakapozaa tumbo lake liwe limezoea. Baada ya kuzaa nyongeza hiyo ipandishwe polepole. Mwenye uwezo wa kupata pumba na mashudu anaweza kumpa hadi nusu kilo kwa kila lita anayokamua, akigawa asubuhi na jioni. Akimmwagia yote kwa siku moja atamharibu tumbo, na maziwa yatashuka badala ya kupanda. Asiye na fedha za pumba asikate tamaa. Majani ya kaliandra, lusina na sesbania, yaliyopandwa kwenye kingo za matuta kuzuia mmomonyoko, yana protini nyingi. Majani ya viazi vitamu ni chakula bora sana, yakiachwa yanyauke nusu siku kwanza. Majani ya tembo yakatwe yangali machanga, kabla hayajawa fimbo. Migomba humsaidia mbuzi kujaza tumbo na kupata maji, lakini haina nguvu ya kutosha kutengeneza maziwa. Chumvi ya mifugo iwepo daima.

Na maji! Sehemu 87 hivi katika kila 100 za maziwa ni maji. Mbuzi anayenyonyesha anaweza kuhitaji lita 5 hadi 8 kwa siku, na zaidi ya hapo wakati wa joto na majani makavu. Kwa mbuzi wa kienyeji asiyekamuliwa tumezoea kusema kwamba hupata maji katika majani na umande. Usemi huo ulifaa kwa mbuzi yule. Huyu wa maziwa akipewa ndoo moja asubuhi, na ndoo hiyo ikamwagika au ikachafuliwa na kinyesi, kipimo cha kesho yake kitasema. Mbuzi ni mteuzi. Maji yanayonuka hayanywi hata kama ana kiu.

Jambo la mwisho kuhusu mlima ni minyoo. Karibu na kuzaa, nguvu ya mbuzi ya kuizuia minyoo hupungua, na mayai ya minyoo katika kinyesi chake huongezeka. Ukiona utando wa ndani wa jicho umepauka, taya limevimba kwa chini au manyoya yamesimama, afisa mifugo wa mtaa aitwe, atoe dawa kwa kipimo cha uzito.

MKONO UNAOKAMUA

Zamani tulidhani kiwele ni kama kibuyu: kikijaa kimejaa, ukikimimina kinajaa tena. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Hannah kilichokuwa Ayr, Uskochi, waliithibitisha habari tofauti, tena kwa kutumia mbuzi. Mbuzi ana chuchu mbili, na kila moja ina nusu yake ya kiwele isiyochanganyika na ya pili. Wakamkamua mbuzi upande mmoja mara 2 kwa siku na upande wa pili mara 3. Upande uliokamuliwa mara 3 ndio ulioongeza maziwa, mwenzake haukuongeza. Kama sababu ingekuwa homoni zilizomo katika damu, pande zote mbili zingeongeza, maana damu ni moja. Kisha wakafanya jambo la werevu zaidi: walitoa maziwa na mahali pake wakatia maji ya sukari yasiyo na madhara, ya kiasi kilekile. Kiwele kilikuwa kimejaa kama awali, lakini utengenezaji wa maziwa uliongezeka hata hivyo. Ikajulikana kwamba kinachokizuia kiwele si ule ujazo tu, bali ni kitu kilichomo katika maziwa yenyewe. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1984.

Kwa lugha ya bomani maana yake ni hii: maziwa yaliyoachwa kiweleni hukiambia kiwele kipunguze kazi. Mkono mvivu unaoacha kikombe kimoja ndani kila asubuhi, katika wiki za kupanda, unamfundisha mbuzi kutoa kikombe kimoja pungufu. Anayekamua mara 2 ajaribu kutenganisha nyakati kwa saa 12, au karibu na hapo, na amalize kabisa. Penye wana wanaonyonya mchana, midomo yao hufanya kazi hiyo vizuri kutushinda.

Maziwa ya mwisho kutoka ndiyo yenye mafuta mengi, na hayashuki ila mbuzi akiwa ametulia. Kiwele kikioshwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ubongo hutoa homoni ya kushusha maziwa, nayo hufika kiweleni kabla dakika moja haijatimia na kufanya kazi kwa dakika chache tu. Mbuzi akitishwa wakati huo kwa mbwa, kwa fimbo, au kwa mkono mgeni usio na adabu, homoni hiyo huzuiwa. Hivyo mtu yule yule amkamue, mahali palepale, saa ileile. Akina mama wengine humwimbia. Sioni sababu ya kuwakataza.

MTOTO WA MBUZI NA MTOTO WA NYUMBANI

Kila nyumba yenye mbuzi wa maziwa ina ugomvi wa kimya kati ya wanambuzi na watoto wa watu. Jirani yangu aliutatua kwa njia ninayoipenda: wiki mbili na zaidi za kwanza hakukamua kwa ajili ya jikoni hata tone, kisha akawatenga wana usiku tu. Wana wakifika wiki ya tatu huanza kutafuna majani, na tumbo lao la kucheua hukua kwa kutafuna huko. Kufikia miezi 3, wakiwa na afya na wanakula vizuri, wanaweza kuachishwa. Anayewaachisha mwezi wa kwanza ili auze maziwa anauza mbuzi wa miaka ijayo kwa bei ya vikombe.

Kwa upande wa watoto wetu, mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji ila ziwa la mama yake. Hata baada ya hapo, kabla ya kutimiza mwaka, maziwa ya mbuzi hayawezi kushika nafasi ya ziwa la mama: yana upungufu wa foliki, vitamini ambayo mwili hutumia kutengeneza damu, na mtoto aliyelelewa kwa maziwa hayo peke yake hupungukiwa na damu. Kwa mtoto mkubwa, mama mjamzito na mzee ni neema kubwa. Yachemshwe, na usikubali anayesema kwamba kuchemsha kunaondoa nguvu. Mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit aligundua katika kisiwa cha Malta kwamba mbuzi walioonekana wazima kabisa walikuwa na vijidudu vya homa iliyokuwa ikiwasumbua wakazi na askari, na kwamba maziwa mabichi ndiyo yaliyokuwa yakiineza. Ugonjwa huo, brusela, upo hata katika nchi zetu. Humtoa mbuzi mimba, na humpa binadamu homa ya kwenda na kurudi na maumivu ya viungo yasiyokwisha upesi.

MTEREMKO

Kilele kikipita, maziwa hushuka. Hayaanguki, huteremka, kiasi cha sehemu moja katika kumi kila mwezi kwa mbuzi anayelishwa vizuri, na zaidi kwa mbuzi wetu wengi wenye damu ya kienyeji. Chotara anayetunzwa anaweza kukamuliwa miezi 7 hadi 10. Mbuzi wa kienyeji hukoma mapema zaidi.

Basi aliyekuwa na vikombe 4 mwanzoni mwa Julai angetazamiwa kuwa na 3 na nusu hivi mwanzoni mwa Agosti. Jirani yangu alikuwa na 2 na nusu. Kwa hiyo nilipokwisha kumweleza habari ya mteremko, ilibaki nafasi ya kikombe kimoja isiyoelezeka, nami nikachukua khanga yangu tukaenda kumtazama mbuzi pamoja.

Mteremko wa kawaida una alama zake. Huja polepole, na huzishukia pande zote mbili za kiwele sawasawa. Mbuzi anakula, anacheua, macho yake maangavu. Ugonjwa wa kiwele huja ghafla, na mara nyingi upande mmoja: upande huo huwa wa moto au mgumu, mbuzi hurusha mguu ukimgusa, na maziwa huwa na madonge, usaha, damu, au huwa mepesi kama maji. Tulikamua michirizo ya kwanza juu ya kitambaa cheusi, kama ipasavyo kufanywa kila asubuhi, tukatazama. Hapakuwa na donge. Tulipapasa kiwele baada ya kukikamua: pande zote laini, sawa kwa ukubwa. Kama tungeona dalili, ingetubidi kumwita daktari siku hiyohiyo, na kutokunywa wala kuuza maziwa hadi zipite siku alizotaja tangu sindano ya mwisho. Nusu ya kiwele ikifa haifufuki.

Hakuwa na joto la kutafuta beberu, ambalo hupunguza maziwa kwa siku moja au mbili. Hakuwa na mimba mpya, ambayo hupunguza maziwa kadiri inavyokua. Mkamuaji alikuwa yule yule.

Kisha nikatazama hori. Lilikuwa na majani makavu ya migomba na mabua. Nikatazama ndoo. Ilikuwa tupu, na sakafu yake imekauka. Jirani yangu akanieleza bila mimi kuuliza: chemchemi ya karibu ilikuwa imekatika tangu Julai, watoto walikuwa wakiteka maji bondeni, na kwa kuwa njia ni ndefu mbuzi alikuwa akinyweshwa mara moja tu, jioni. Kikombe chetu kilichopotea kilikuwa hapo.

MAJIRA

Kosa halikuwa lake peke yake, ila pia la tarehe. Mbuzi anayezaa katikati ya Mei hupanda mlima wake wakati mvua zinaaga, na hufika kileleni mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, wakati vilima vyetu havina jani. Alipandwa Desemba kwa sababu beberu alikuwepo Desemba, si kwa sababu mtu alikuwa amehesabu. Kwa majira yetu, anayempeleka jike wake kwa beberu mwishoni mwa Aprili atapata wana mwishoni mwa Septemba, mvua zinaporudi, na kilele kitaangukia Novemba katikati ya majani mabichi. Nafasi ya pili ni kumpandisha mwishoni mwa Septemba, ili azae mwishoni mwa Februari na awe kileleni Aprili. Jike asiye na mimba hurudia joto kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo aliyekosa mara moja hakukosa mwaka mzima. Asipandishwe kwa baba yake wala ndugu yake. Na beberu akae mbali na jike anayekamuliwa, maana harufu yake hufika hadi kwenye chai.

Na mbuzi mwenye mimba akaushwe maziwa miezi miwili kabla ya kuzaa, hata kama bado anatoa kikombe. Wengi hushindwa hapa kwa uchungu wa kuacha kikombe hicho. Lakini katika miezi hiyo miwili kiwele hujitengeneza upya, na kinachoonekana kuwa ni kupumzika ndiyo kazi ya mlima ujao. Hupunguziwa chakula chenye nguvu kwa siku chache, mkono huacha kukamua, kiwele hujaa, kisha chenyewe hunywea. Baada ya hapo chakula kizuri huanza kurudi.

Jirani yangu alipata pipa dogo kuukuu, watoto wakalijaza Jumamosi na Jumatano kwa kushirikiana na wa nyumba ya pili, na mbuzi akawa anapata maji asubuhi, mchana na jioni. Bondeni, penye unyevu, kulikuwa na majani ya viazi vitamu ya shemeji yake, aliyaomba, akapewa. Siku ya 9 alikamua vikombe 3 na zaidi kidogo. Havikurudi 4, nami nilikuwa nimemwambia kwamba havitarudi.

Fedha za shule zilitokana na yule mwana dume, aliyepelekwa sokoni mwanzoni mwa Septemba. Mwana jike alikabidhiwa kwa mjane wa kilima cha pili wiki hiyohiyo, akiwa ameachishwa na anakula. Mama mbuzi alipandwa mwishoni mwa Septemba, akakaushwa maziwa kabla ya Mwaka Mpya, akazaa mwishoni mwa Februari mwaka huu, mapacha tena. Katika wiki ya 7, penye mvua na majani tele, alitoa vikombe 5 vya asubuhi. Mwezi Mei mtoto mkubwa wa jirani yangu alikuja kwangu jioni moja na daftari la shule ambalo kurasa zake za nyuma zimepigwa mistari kwa rula, tarehe upande huu na vikombe upande ule. "Mama anasema tazama," akaniambia. Ilikuwa 5, ikawa 5 kasoro, ikawa 4 na nusu. Nilimpa mtoto ndizi mbili, nikamwambia akamwambie mama yake kwamba nimetazama.